Dawati la Njumu na Pembe Iliyotoka Kwetu

Wauzaji wa vitu vya kale huandika kwa ufupi. Dawati la kuandikia la mtindo wa Bombay linapoingia mnadani London, hutambulishwa kwa maneno machache: kazi ya Uhindini, karne ya 19, mbao za sandali, njumu ya pembe, bati na mpingo. Kisha hufuata vipimo na bei inayotarajiwa. Katika maelezo hayo hamna uongo. Hata hivyo, limeachwa jambo moja ambalo sisi wa mwambao hatuwezi kuliacha, nalo ni mahali ilikotoka pembe.

Tumelichagua somo hili kwa kitabu cha maadhimisho kwa kuwa mwaka huu dawati la namna hiyo limetolewa kuuzwa miongoni mwetu. Familia moja ya jumuiya, ambayo imetutaka tusiitaje kwa jina, inagawa mali iliyoachwa na wazee wao. Mnunuzi wa ng'ambo amekwisha kutaja bei, na bei yenyewe ni nzuri. Ndipo swali likaletwa mbele ya kamati: je, hekalu lichangishe fedha na kulinunua, au liachwe lende zake? Tuliona haifai kujibu kabla ya kujua ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Dawati hilo, likiwa limefungwa, ni kisanduku tu, ambacho mtu mmoja aweza kukichukua kwapani kwa taabu kidogo. Likifunguliwa, kifuniko na tako lake hulala pamoja na kufanya ubao mmoja wa mteremko, uliowambwa mahameli ambayo zamani ilikuwa nyekundu na sasa imekuwa rangi ya kahawia. Upande wa juu mna vyumba vidogo vya kidau cha wino, kalamu, na mchanga wa kukaushia maandishi. Chini ya ubao mna nafasi ya karatasi, na nyuma ya kibao kinachofyatuka kwa kubonyezwa zimefichwa droo mbili ndogo. Ukiinamisha uso, bado utasikia harufu ya sandali. Lakini linalovuta jicho kwanza ni sura yake ya nje: kingo za pembe nyeupe, na kati yake nyota ndogo ndogo zisizohesabika, nyeupe, nyeusi, kijani na za rangi ya fedha, zimepangwa kwa usawa kiasi kwamba mtu hudhani zimechapwa.

Hazikuchapwa. Kazi hiyo kwa Kigujarati huitwa sadeli, na inastahili kuelezwa kwa kituo, kwa maana wengi wetu tumeiona tangu utotoni bila kujua ifanywavyo. Fundi haanzi kwa kuchora. Huanza na vijiti. Huchukua vijiti vyembamba vya pembe nyeupe, vya pembe iliyotiwa rangi ya kijani, vya mpingo, vya mti mwekundu, na nyuzi za bati, akavipiga tupa mpaka kila kimoja kiwe na pande tatu sawasawa. Kisha huvifunga pamoja kwa gundi, kwa mpango ambao ukitazama kichwa cha fungu utaona nyota. Fungu likikauka, hulikata kwa msumeno mwembamba kuvuka upana wake, kama mtu akatavyo pingili za muwa, ila kila kipande chake ni chembamba mno. Na katika kila kipande nyota ni ile ile. Vipande hivyo ndivyo vibandikwavyo juu ya kisanduku cha sandali, vikasuguliwa hadi vikalingana. Fundi akikosea pembe ya kijiti kimoja, kosa hilo hujirudia katika kila nyota, wala hakuna tena pa kulisahihisha.

George Birdwood, Mwingereza aliyeandika juu ya sanaa za Uhindi mwaka 1880, alieleza kuwa ufundi huu ulitoka Shiraz katika Uajemi, ukaingia Sindh, na kutoka huko ukafika Bombay. Surat nako ulistawi, na Waparsi ni miongoni mwa waliousifika nao. Mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, visanduku vya Bombay vilionyeshwa kwa umati wa watu kutoka nchi nyingi, na tangu hapo kila bibi wa Kiingereza aliyekaa Uhindini alitaka kurudi kwao na kimoja. Maana tusisahau kwamba dawati la mteremko ni chombo cha mtu anayeketi kitini. Mzee wetu wa dukani aliketi juu ya godoro, mbele ya meza fupi isiyo na pambo, na daftari lake refu lenye jalada la kitambaa chekundu likiwa gotini. Lililofika katika nyumba ya familia tuliyoitaja huenda lilikuja kama zawadi au kama fahari. Kazi ya kila siku ilifanywa kwingine.

Sandali ilitoka kusini mwa Uhindi. Bati lilitoka mashariki zaidi. Na pembe je? Mtu atasema Uhindi ina ndovu wake, nayo haikuhitaji wa wengine. Lakini ndovu jike wa Asia hana pembe za kutajika, na hata madume wengine huzaliwa bila hizo, ilhali ndovu wa Afrika huota pembe dume na jike. Tena pembe ya Afrika Mashariki ni laini kwa msumeno, na weupe wake hukaa. Mafundi waliijua na kuitaka. Zaidi ya njumu, Gujarat ilihitaji pembe kwa ajili ya bangili za maharusi. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alistaajabia wingi wa pembe iliyotumika Cambay, kwa bangili, mipini ya panga, dadu na mapambo ya vitanda. Alieleza pia jinsi wafanyabiashara wa Cambay walivyoleta nguo Malindi na Mombasa, wakarudi na dhahabu, nta na pembe.

Walikuwapo kabla yake. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, alikuta vyombo vya Wahindi bandarini. Wareno waliwadhania kuwa ni Wakristo, kwa kuwa waliwasikia wakipaza sauti na kutaja jina la Kristo, walivyoona wao. Wanahistoria wengi huona kuwa yaelekea jina lililotajwa ni la Krishna. Mwandishi huyo huyo wa safari aliandika kwamba watu hao hawali nyama ya ng'ombe, jambo ambalo lingetosha kuwafumbua macho. Katika miaka ya 1580 Mholanzi Jan Huygen van Linschoten, aliyeishi Goa, alitaja madawati na makabati ya njumu yaliyotengenezwa Sindh na kupelekwa kwa wingi kwa Wareno. Mwaka 1686 mtawala wa Kireno huko Goa aliwapa wafanyabiashara Wavania wa Diu haki ya peke yao ya biashara kati ya Diu na Msumbiji, na pembe ilikuwa miongoni mwa mali kubwa za njia hiyo. Kwa hiyo, kisanduku cha Bombay kilikuja baadaye sana katika habari ndefu. Kaskazi iliwaleta wenye nguo, kusi ikawarudisha na pembe, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa karne nyingi kabla mtu yeyote hajalijua jina la sadeli huku kwetu.

Karne ya 19 ndiyo iliyozidisha mambo. Seyyid Said alipouhamishia utawala wake Unguja, ushuru wa forodha ulikodishwa kwa nyumba ya Shivji Topan, Wabhatia wa Kutch. Na mwanawe, Jairam Shivji, akawa mtu ambaye hakuna mgeni aliyefanya biashara Unguja bila kumwendea. Forodha ilikaa katika mikono hiyo kwa sehemu kubwa ya karne. Pembe ilipimwa kwa frasila na kupangwa kwa madaraja, na Kiswahili kikawa na majina yake: buri ni pembe kubwa, kalasha ni pembe ndogo. Nyingi ilipakiwa kwenda Bombay na Mandvi. Nyingine ikapita Bombay hadi London, ikawa mipini ya visu na vibonyezo vya piano. Nyingine ikabaki kwa mafundi wa Uhindi. Jinsi bei ya pembe ilivyopanda na bei ya nguo za viwandani ilivyoshuka, ndivyo faida ilivyokua, na ndivyo ndovu walivyorudi nyuma, kutoka Mrima hadi Unyamwezi, kutoka Ujiji hadi Manyema.

Mpangilio wa fedha ulikuwa wa kuaminiana. Mfanyabiashara wa Kihindi wa Unguja au Bagamoyo alitoa nguo, shanga na masango kwa mkopo. Mwenye msafara akaenda bara nazo, pengine kwa miaka, akarudi kulipa kwa pembe. Huko Tabora mkopo wa namna hii uliitwa mali kauli, yaani mali iliyotolewa kwa neno la mtu. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alisimulia mwenyewe katika maisha yake jinsi alivyopata mali kwa Taria Topan, Mkhoja wa Unguja. Na safari moja aliyoianza baada ya mkopo huo ilimchukua takriban miaka 12. Yote hayo yaliandikwa. Yaliandikwa kwa Kigujarati, kwa wino mweusi, katika madaftari yale mekundu.

Lakini daftari huandika jina la mdaiwa na hesabu ya mali. Haliandiki mabega. Kutoka Tabora hadi pwani ni mwendo wa miezi miwili hadi mitatu kwa miguu, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa wa kilo 30 na kidogo. Buri kubwa ilihitaji watu wawili na mti. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi walioshika kazi hii kwa ujira na kwa sifa. Walijua bei ya mabega yao, waligoma waliponyimwa haki, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu kamili. Hilo inafaa lisemwe, kwa sababu vitabu vya zamani vya Wazungu huwaonyesha wote kama watumwa. Lakini inafaa lisemwe pia kwamba palikuwa na watumwa. Katika njia zile zile, kwa fedha zile zile, watu waliuzwa. Baadhi ya Wahindi wa Unguja walimiliki watumwa majumbani na mashambani. Mwaka 1860 balozi mdogo wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha walio chini ya himaya ya nchi yake kuwaachia huru, na walioachiwa walihesabika kwa maelfu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hata baada ya hapo biashara ya siri iliendelea.

Tunajua wako watakaouliza kwa nini habari hizi ziwekwe katika kitabu cha furaha. Jibu letu ni kwamba wasomaji wa kitabu hiki si wanajumuiya peke yao. Majirani zetu wanaokuja kula pamoja nasi siku ya Diwali, na ambao baadhi yao wana babu aliyeimba njia nzima kutoka Unyanyembe, wana fungu lao katika dawati hili, nalo ni fungu kubwa. Fedha za biashara hiyo ziliingia katika maduka, shule na mahekalu ya mwambao mzima. Kulisifu jiwe la msingi huku tukinyamaza juu ya waliobeba ni adabu mbaya.

Kuna jambo jingine, nalo huwagusa zaidi walio wa imani yetu. Kila Diwali tunafanya Chopda Pujan, tukiwaombea baraka Ganesha, Lakshmi na Saraswati juu ya madaftari mapya. Watoto wetu wanajua kisa cha Ganesha kuuvunja mmoja wa meno yake makubwa ili aandike nao Mahabharata, huku Vyasa akiisoma bila kusita. Ndiyo sababu akaitwa Ekadanta, mwenye pembe moja. Katika kisa hicho ndovu anajitolea mwenyewe pembe yake kwa ajili ya maandishi. Ndovu wa Manyema hakuulizwa. Mmoja wetu katika kamati alisema kuwa hawezi kuona dawati hili likiwekwa mbele ya sanamu, hata kwa heshima. Mwingine akasema ni hapo hasa panapolifaa. Hatukuafikiana, wala hatuoni kuwa tulilazimika kuafikiana.

Juu ya uuzaji, sheria zimesema zaidi kuliko sisi. Mwaka 1989 mataifa ya mkataba wa CITES yaliamua kumweka ndovu wa Afrika katika daraja la juu la ulinzi, na marufuku ya biashara ya kimataifa ya pembe ikaanza kutumika mwezi Januari 1990. Uhindi, iliyokuwa mteja wetu kwa zaidi ya miaka 1,000, ilipiga marufuku biashara ya pembe za Afrika mwaka 1991. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2013, pembe ni nyara, na mtu hawezi kumiliki wala kuuza nyara bila idhini ya serikali. Uzee wa kitu haumwondolei mwenyewe wajibu huo. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 2018, ikaanza kutumika mwezi Juni 2022: kitu chenye pembe hakiuzwi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kama vile kile kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1947 na ambacho pembe yake haifiki asilimia 10 ya ujazo wake, nacho sharti kisajiliwe. Kwa hiyo, mnunuzi anayesema kwamba kitu hiki ni cha kale na hakina matata hasemi kweli yote. Kinaweza kuzuiliwa bandarini, na atakayeulizwa ni aliyekitoa. Tunaziomba familia nyingine zenye visanduku kama hivi ziende kwanza kwa maofisa wa wanyamapori kabla ya kuzungumza na dalali yeyote.

Kwa hayo tuliishauri familia isiuze ng'ambo. Tulishauri pia, ingawa wengine walisikitika, kwamba hekalu lisitumie michango ya waumini kununulia dawati. Michango hiyo ilitolewa kwa ajili ya paa, jiko na masomo ya watoto, na pembe haipaswi kupandishwa bei na mtu yeyote, hata na hekalu. Likibaki nyumbani, libaki kwa kibali; likitolewa, litolewe bure kwa makumbusho ya hapa, na kibandiko chake kiseme wazi kuwa pembe ni ya Afrika Mashariki. Familia imesema itatafakari mpaka baada ya Diwali.

Wakati huo huo, jambo moja halikuhitaji kungoja. Katika zile droo zilizofichwa mlikuwa na kurasa chache za hesabu zilizokunjwa mara nne, kwa ule mwandiko wa haraka wa wafanyabiashara ambao shule hazikuufundisha kamwe. Mnunuzi hakuzitaja katika bei yake. Kwetu sisi zina thamani kuliko nyota zote za juu, kwa sababu ndani yake mna majina: ya watu waliochukua nguo, ya miji, na katika ukurasa mmoja, ya wapagazi waliolipwa. Tumezipiga picha kwa ruhusa ya wenyewe.

Madaftari ya namna hii yamo katika masanduku na madari ya nyumba nyingi za mtaa huu, na tunajua mengi yamekwisha kuuzwa kwa kilo kama karatasi za kufungia njugu. Tunaomba yasitupwe, yasioshwe, wala majalada yake mekundu yasing'olewe. Yapangusweni vumbi kwa kitambaa kikavu, yafungwe katika nguo ya pamba, yawekwe mbali na sakafu. Wazee watatu miongoni mwetu bado wanausoma mwandiko huo, na wamekubali kuketi ukumbini kila Jumapili baada ya arati ya asubuhi. Majirani wenye hati za babu zao, ziwe za Kigujarati au za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nao wanakaribishwa, na kitakacholetwa kitasomwa mbele ya mwenyewe na kurudishwa mkononi mwake siku hiyo hiyo.